Mjadala: Ulaya walikosea kufunga soko la sili?

Kasuku Mkavu: Wadau, mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya mbali kama Kanada na Greenland, waliachiwa mlango wao kwenye sheria, lakini wanunuzi walishakimbia. Kwao nyama huliwa na kugawiwa majirani, ngozi ndiyo hununua petroli na risasi. Haki hiyo?

Binti Tumbatu: Niko na wanyama. Halafu tuambiane ukweli, nyama mbichi inayochuruzika damu karne hii? Ustaarabu sifuri.

Ngwengwe: Ustaarabu wa nani? Mwaka huohuo Michaëlle Jean, Gavana Jenerali wa Kanada, alishika ulu, kile kisu cha akina mama chenye umbo la nusu mwezi, akampasua sili pale Rankin Inlet, mji wa Wainuiti, akala kipande cha moyo kibichi hadharani.

Binti Tumbatu: Wanasiasa wakitaka kura watakula hata kiatu.

Ngwengwe: Gavana Jenerali hapigiwi kura, anateuliwa. Soma kwanza, dada.

Mzee wa Gati: Mabaharia wa Ulaya walikuwa wanakufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, hukohuko kaskazini, wenyeji wako salama bila chungwa wala ndimu. Maktak, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, ina vitamini C, nayo moto huipunguza. Ndiyo maana huliwa mbichi.

Pilipili Hoho: Mzee, mbona zebaki, ile metali yenye sumu, umeiruka? Imo kwenye nyama ya nyangumi.

Mzee wa Gati: Imo, na sehemu kubwa imetoka kwenye moshi wa viwanda vya mbali. Mwinuiti ana kiwanda gani?

Mla Senene: Binti Tumbatu, na sisi wa Bukoba ustaarabu wetu ni ngapi?

Binti Tumbatu: Senene mnakaanga! Msinichonganishe na Wahaya.

Ngwengwe: Kumbe shida ni kikaango, siyo wanyama. Umehama hoja kimyakimya.

Binti Tumbatu: Na wewe umehamia kwangu. Nyangumi wakiisha utamla nani?

Kasuku Mkavu: Hilo lilishasemwa Alaska. Mwaka 1977, kama sikosei, tume ya kimataifa ya nyangumi ilizuia uwindaji wa Wainupiati, wenyeji wa huko, wataalamu wakisema nyangumi wamebaki wachache mno. Wenyewe wakajibu: wengine wanapita chini ya barafu, hamuwaoni. Hesabu za baadaye zikawaunga mkono wawindaji.

Pilipili Hoho: Sawa, ila zebaki bado hamjanijibu.

Mla Senene: Wewe dagaa unawapima?