Glavu zinaniwasha, shida ni protini gani hasa?

nesi_eastlands: Wadau habari, mi ni nesi hapa Nairobi, nikivaa glavu za mpira mikono inavimba na napiga chafya, na juzi nimekula avokado mdomo ukaanza kuwasha. Hivi wanajuaje ni protini gani kwa utomvu inaleta hii aleji?

mtu_wa_labu: Pole sana dada. Utomvu wa Hevea, ule mti wa mpira wenye hutengeneza hizo glavu, uko na protini kibao, so wanazitenganisha kwa jeli wakitumia umeme, wanazihamishia kwa karatasi spesheli halafu wanaweka seramu (yale maji ya damu) ya mgonjwa, ile itashikwa na kingamwili za IgE, zile za aleji, ndiyo hiyo. Zimepewa majina Hev b 1, Hev b 2, hivyo hivyo mpaka zimepita 10. Nyinyi wa hospitali sana sana ni 5 na 6, watoto wa mgongo wazi wenye wamefanyiwa opareshoni nyingi ni 1 na 3.

shosh_wa_ngara: Na hiyo avokado inaingiana kabisa, Hev b 6 iko na kipande kinaitwa heveini, kinafanana na protini ya avokado na ndizi, mwili unachanganya. Wachana na avokado kwanza, itisha glavu za naitrili, zile hazina utomvu wa mpira, na uone daktari wa aleji haraka tafadhali, kuna wenye hushindwa kupumua.

nesi_eastlands: Asanteni sana, kesho naongea na bosi.