Tiba ya familia: ni mimi pekee ninayejiona karani wa rufaa?

Mwanagenzi_Mstaafu
Habari zenu, wakubwa. Uanagenzi nilimaliza mwaka jana. Sasa ni mwezi wa tano nasomea uzamili wa tiba ya familia (udaktari wa kumhudumia mtu wa rika lolote, ugonjwa wowote), na siku tatu kwa wiki niko kliniki ya wagonjwa wa nje huku Eastlands, Nairobi.

Wodini, nikiwa mwanagenzi, mgonjwa alinifikia akiwa na jina: nimonia, mguu uliovunjika, mama wa kujifungua. Hapa anaketi, anapakata mkoba wake, anasema, "Daktari, mwili wote unauma." Mwili wote! Foleni imefika langoni na muuguzi ameshachungulia mara mbili. Naandika vipimo, naandika rufaa. Jumanne nimeandika rufaa sita kabla ya chai ya saa nne.

Kilichonileta hapa ni mama mmoja muuza mboga. Presha 170 kwa 100, mwezi baada ya mwezi. Nilimwongezea dawa ya pili, haikushuka. Mara ya nne kalamu iko hewani niandike ya tatu, msimamizi wangu akaingia kutafuta faili, akamwambia tu, "Mama, hebu nione hizo dawa." Akafungua leso, akatoa bahasha ya kaki. Vidonge vimekatwa nusu kwa kisu, vingine vimekuwa unga. Nusu yake, nusu ya mzee wake. "Naye anayo presha, lakini hospitali haji. Anasema foleni ni ya wanawake."

Miezi minne sikuwahi kuuliza. Haya mambo mlijifunzia wapi? Au nihamie radiolojia, kwenye picha za eksirei, mapema? (Mama yangu mwenyewe huwaambia majirani nasomea "udaktari wa kawaida".)

KisuNaUzi
Hama. Utasoma miaka minne, kisha kaunti ikuweke palepale ulipokuwa. Rafiki yangu alimaliza hiyo tiba ya familia, wakamfanya msimamizi wa hospitali. Siku nzima anasaini karatasi za glavu na dizeli ya jenereta.

Mwaka_wa_Nne
Wa dizeli wapo, sibishi. Masomo haya yalianza nchini mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Moi, na hadi leo kuna waajiri wasiojua watuweke wapi. Lakini tusimtishe mwenzetu.

Rufaa sita si kosa. Kosa ni kutojua ziliishia wapi. Nunua daftari: umemtuma nani, wapi, arudi lini, walimwambia nini huko. Mwaka wangu wa kwanza nilianza kuwapigia simu niliowatuma, nikakuta wengi hata hawakwenda. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kibarua imepotea. Barua yangu nzuri imewekwa chini ya godoro.

Na huyo wa mwili wote: weka kalamu chini, nyamaza dakika moja. Ni ngumu kuliko kutoa kidole tumbo, lakini nyamaza. Halafu usiulize "unakunywa dawa?" Hapo kila mtu hujibu ndiyo, hata mimi ningejibu ndiyo. Uliza, "Jana ulikunywa saa ngapi, vidonge vingapi?"

AfisaWaKliniki_Umoja
Ninyi madaktari mnagundua leo? Foleni hiyo sisi maafisa wa kliniki tumezeekea hapo. Msikilize muuguzi wa chumba cha presha, yule unayeona anakuharakisha. Anajua nani anagawana dawa na nani, na nani ameacha kwa sababu mchungaji alimwombea.

Kuhusu mzee: usimwite kama mgonjwa, hatakuja. Mwambie mama aseme daktari anataka kuongea na mwenye nyumba juu ya dawa za mkewe. Utamwona.

KisuNaUzi
Hii ya mwenye nyumba naiba.

Mwanagenzi_Mstaafu
Amekuja! Leo asubuhi, koti, kofia, viatu vimeng'arishwa. Ameketi akaanza kunieleza jinsi mkewe asivyosikia mambo ya chumvi. Nikamwacha amalize. Nikamwambia kwa kuwa yuko hapa, hebu alete mkono. 190 kwa 110. Akaangalia mashine, akaangalia mkewe, akavua kofia.

Ana bahasha yake sasa. Muuguzi (nilimuuliza, akacheka sana) alijua tangu mwezi wa pili. Daftari nimenunua, shilingi 60 pale duka la karibu na steji. Mstari wa kwanza ni wa mzee: arudi baada ya wiki mbili, Jumamosi, aje na vidonge.