Tumbawe langu linarefuka kama fito, la mwenzangu limeshonana. Naomba ushauri

Mtanga_Hamburg
Habari zenu wakuu. Mimi ni dada wa Tanga, naishi Hamburg, na nina tangi la maji chumvi la lita 240 sebuleni. Mwaka jana mimi na mwenzangu wa kazini tulinunua vipande viwili vya Pocillopora damicornis, kila kimoja urefu wa nusu kidole, vimekatwa mbele ya macho yetu kutoka tumbawe moja. La mwenzangu sasa limekuwa kama koliflawa: matawi mafupi, manene, yameshonana hata penseli haipenyi. Langu ni fito tupu. Matawi membamba, yameachana, na yote yameinamia upande mmoja.

Rangi ni nzuri, polipi (vile vijidudu vidogo vinavyolijenga tumbawe) zinachanua, hakuna palipokufa. Joto 25, chumvi 35 kwa elfu, alkalini (uwezo wa maji kuzuia tindikali) digrii 8, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, nitreti 5. Taa ya LED iko moja, katikati. Pampu ya kusukuma maji nayo moja, kona ya kushoto. Tumbawe lipo kona ya kulia, chini, nyuma ya jiwe. Dukani waliniambia niongeze kalsiamu. Nikaongeza mpaka 460, umbo likabaki lile lile, nikaacha ikashuka yenyewe. Je, linaumwa? Nimekua nikiyaona matumbawe ya kwetu, inaniuma kuliona hili linakondeana mikononi mwangu.

kijana_wa_ngalawa
Pole dada. Ukija likizo si uchukue tu kipande cha huku? Yamejaa.

mwanafunzi_wa_bahari
Ndugu yangu, hapana. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kuyavusha mpaka bila kibali. Na miamba yetu iliumia sana kwa joto la 1998, tusiipunguze kwa mikono yetu. Kilichokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa tangini kinatosha.

Dada, habari njema ni kwamba umeshajifanyia jaribio bila kujua. Kama usingeliona tumbawe mama, ningekuuliza kwanza ni spishi gani, maana vipimo vya jenetiki vimetenganisha P. damicornis na P. acuta, na hiyo ya pili ina matawi membamba kwa asili. Lakini vipande vyenu vimetoka mwili mmoja. Urithi ni ule ule, kwa hiyo tofauti imeletwa na tangi.

Na kwa maelezo yako mimi naona ni maji kutotembea. Maji yakitulia, ngozi ya tumbawe huzungukwa na utando mwembamba wa maji yasiyosogea. Oksijeni, chakula na madini vyote hulazimika kuuvuka utando huo. Matawi yakisongamana kwenye maji ya namna hiyo, ya katikati yanakosa hewa. Ndipo yanapoachana, yakawa membamba, kila tawi litafute maji yake. Mkondo ukiwa na nguvu unapenya hadi ndani, na matawi manene yaliyo karibu karibu yanaishi bila shida, tena hayavunjiki ovyo. Kuinama upande mmoja nadhani ni mwanga: taa iko katikati, nalo lipo kivulini kwenye kona.

Kalsiamu yako haina kosa. Ingepungua sana, ukuaji ungedorora, lakini umbo hulirekebishi kwa chupa.

Nahodha_Shimoni
Mwanangu, mimi nimepeleka wageni Kisite, hifadhi ya bahari huku Kenya, miaka mingi. Tumbawe hilo nalijua. Upande wa nje, kusi linapopiga, utalikuta fupi, gumu, kama ngumi. Zunguka ndani, maji yametulia, utaona lile lile limejiachia matawi. Tangi lako ni maji mafu siku zote, halijaonja bamvua.

Ukipata nafasi ya kuzamia, tazama vizuri katikati ya matawi. Kuna kaa mdogo sana, jike, hukaa panapogawanyika tawi, na tumbawe linakua likimzunguka mpaka matawi yanafanya kijitundu chenye matobo, yeye yumo ndani hatoki tena. Hata kaa wa ukubwa wa punje hulibadilisha umbo, seuze mkondo.

Fundi_Maji_Muscat
Shikamoo nahodha, umesema kweli.

Dada, usihamishe kila kitu siku moja. Anza na maji. Tafuta pampu ya pili, iweke kona ya pili, zipokezane: hii ikisukuma, ile ipumzike. Mkondo wa upande mmoja tu utalifanya likue upande mmoja. Usiielekeze pampu moja kwa moja kwenye tumbawe kwa karibu, itachuna nyama ibaki mifupa. Polipi zitikisike kama majani ya mnazi kwenye upepo, zisilale.

Wiki ya tatu ndipo ulitoe nyuma ya jiwe, ulipandishe hatua moja. Azima kipima mwanga, ukipata PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) 200 mpaka 250 hapo inatosha. Kulitoa kivulini na kulipeleka juu kwa mpigo kutalifanya lipauke.

Jua pia kwamba fito zilizokwisha kurefuka hazirudi kuwa fupi. Kinachobadilika ni kinachoota sasa. Mimi ningezipogoa zile ndefu mbili tatu kwa koleo kali, nibandike vipande pembeni kwa gundi, shina lichipue upya. Na alkalini ishikilie hapo hapo kwenye 8. Ikiruka ruka, ncha ndizo za kwanza kufa.

Mtanga_Hamburg
Nahodha shikamoo. Asanteni sana wote, nimelia kidogo niliposoma habari za Kisite. Naagiza pampu leo.

Mtanga_Hamburg (miezi mitano baadaye)
Narudi na majibu. Nilipogoa matawi manne. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, kisha kwenye vidonda zikatoka ncha nyeupe kama punje za mchele, kila ncha ikagawanyika mbili, tatu, na ni nene kuliko tawi lililozizaa. Sasa zinakua kuelekea juu, haziinami. Fito za zamani bado zipo, zimesimama katikati kama nguzo.

Jana mwenzangu alikuja na penseli yake. Kwenye matawi ya zamani ilipita. Kwenye machipukizi ikakwama.