Nyie mnaolinganisha majibu nje ya chumba cha mtihani, mmeniharibia Kemia yangu

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Naandika kwa simu ya dada na bando lake. Kanipa nusu saa, kwa hiyo msije mkaniuliza aya zimepangwaje.

Niko kidato cha nne, shule ya kata, mkoa siutaji. Wiki hii tunafanya mtihani wa utimilifu. Jumanne ilikuwa Hesabu, Jumatano Kemia. Kilichonileta hapa kilitokea katikati ya hizo mbili, chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara, dakika kumi tu baada ya kukusanya karatasi.

Mtihani ulikuwa mgumu, hilo sibishi. Maswali 14, yote ya lazima, kumi ya mwanzo alama 6 kila moja na manne ya mwisho alama 10 kila moja. Muda saa tatu, yaani swali moja halifikishi hata dakika 13, na humo humo usome, uelewe Kiingereza chake, uchore, ufute. La kwanza, ambalo siku zote huwa la kukaribisha wageni, safari hii lilikuja na desimali ya kujirudia uigeuze sehemu. La tisa, la pembetatu na kosaini, nililiangalia likaniangalia, nikalipita. Lakini nilitoka mle ndani nikiwa na moyo. Nilihesabu kichwani nikaona D ipo, na upepo ukivuma vizuri hata C.

Nikakosea kitu kimoja. Nilipita mwembeni kuchukua begi langu.

Pale kuna kikao. Kila shule inacho, msijifanye hamkijui. Katikati kasimama kijana mmoja wa mkondo A, kipanga wa shule, namwita Kipanga tu, na karatasi ya rafu mkononi. Hakuna anayeuliza "ulifanyaje". Swali ni moja: "Umepata ngapi?" Anataja namba, wenye namba hiyo wanarukaruka, wasio nayo wanashika vichwa.

Likafika swali la 12, la dunia kama tufe. Miji miwili, yote iko latitudo 60 Kaskazini. Mmoja longitudo 30 Mashariki, mwingine 15 Magharibi. Tafuta umbali kati yao ukifuata mstari wa latitudo, nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,400, pai 3.14.

Kipanga akasema, "Kilomita 837." Wengi wakashangilia. Msichana mmoja akasema yeye kapata 5,024. Mimi kwa sauti ya chini nikasema, "Mbona mimi 2,512?" Jamaa akacheka mpaka akashika kiuno: "Elfu mbili na mia tano? Wewe umezunguka dunia ukapitia na kwa shangazi kwanza!" Watu wakaangua kicheko. Halafu, wakuu, nawaapia, wakapiga kura. Mikono juu waliopata 837. Kumi na kitu. Waliopata 5,024, watatu. Waliopata 2,512, mimi na mvulana mmoja aliyeinua mkono nusu kisha akajifanya anajikuna kichwa. Ikapita kwamba jibu ni 837.

Hesabu imepigiwa kura!

Sasa ningekuwa na akili yangu timamu ningebisha. Mwalimu wetu alipofundisha mada hii kidato cha tatu alikuja na chungwa na kalamu ya wino, akatuchorea mistari mle mle kwenye ganda. Akasema soko likiwa upande huu wa nyumba yenu na kanisa upande ule, umbali wa soko hadi kanisa ni kujumlisha, huwezi kutoa. Mashariki na Magharibi ni hivyo hivyo, 30 na 15 ni 45. Kisha unazidisha na kosaini ya 60, maana duara la juu kule ni dogo kuliko la ikweta. Yote hayo niliyafanya. Lakini ukiwa umesimama peke yako na watu kumi na kitu wanakucheka, chungwa linapotea kichwani.

Kilichonimaliza kabisa ni swali la 14. Hapo walikuwa sahihi wao.

Mkulima ana eka 20, anataka kulima mahindi na alizeti, mtaji wake una kikomo, faida ya mahindi ni 50,000 kwa eka na ya alizeti ni 80,000. Halafu kuna sharti kwamba alizeti iwe "at least" eka 4. Mimi hilo neno nikaliona limekaa kama "kidogo", nikaweka alama ya kidogo. Kumbe maana yake ni si chini ya 4. Nikatia kivuli upande usiotakiwa wa grafu, nikaishia na eka 16 za mahindi na 4 za alizeti, faida 1,120,000. Wenzangu wote 10 kwa 10, faida 1,300,000. Mkulima wangu kapoteza laki moja na elfu themanini kwa sababu ya Kiingereza changu. Miaka saba ya shule ya msingi tunafundishwa hesabu kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza ghafla "at least". Hiyo ni hasira nyingine, ina uzi wake.

Basi fikirini. La 14 wamenionyesha kosa langu na ni kosa kweli. Ningewezaje kuamini kwamba la 12 wao ndio wamekosea? Nikasema hawa wanajua, mimi ndiye kilaza.

Nikarudi nyumbani nikajisahihisha kwa majibu ya mwembeni. Nikapata 24. D inaanzia 30, chini ya hapo ni F. Saa 3 usiku grupu la darasa likarushiwa orodha imeandikwa MAJIBU SAHIHI HESABU, namba tupu kumi na nne, hatua hata moja hakuna. La 12: 837. Sijui nani kaiandika. Ila ukiona kitu kimechapwa kwa herufi kubwa unakiamini zaidi ya mkono wako mwenyewe. Nilikaa na swali hilo moja mpaka saa 8 usiku, nikitafuta namna ya kupata 837, na mwisho nikaipata kwa kutoa 15 kwenye 30. Nikajiambia ndiyo hiyo. Nimejifundisha kosa usiku kucha, kwa bidii.

Daftari la Kemia lilikuwa mezani limefungwa.

Jumatano asubuhi Kemia. Swali la moli, lile ambalo nimelifanya mara mia: gramu 10 za kalisi kaboneti zinapashwa moto, inatoka gesi ya ujazo gani. Uzito wa moli moja ni gramu 100, unagawa 10 kwa 100, unapata 0.1, unazidisha na 22.4, unapata lita 2.24. Mtoto wa kidato cha tatu analifanya huku anakula mihogo. Mimi, macho yanawaka, kichwani latitudo, nikagawa 100 kwa 10. Moli 10. Lita 224 za gesi kutoka kwenye kipande cha chokaa cha gramu 10! Nikapigia mstari na rula chini ya jibu. Nimekumbuka nikiwa njiani kurudi, karibu na mashine ya kusaga, nikasimama pale pale. Na hilo ndilo ninalolikumbuka, yapo mengine.

Sasa sikieni kinachoniuma. Mimi nataka kusomea uuguzi. Ukisoma sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi, zinatakiwa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu ni nyongeza ya kukuweka mbele kidogo ya mwenzako. Yaani nimeichoma Kemia, ambayo bila hiyo mlangoni sipiti, kwa kulilia Hesabu, ambayo ningeweza kuingia bila hiyo.

Leo asubuhi mwalimu wa Hesabu akapita darasani. Ni mwalimu wa kujitolea, mikondo minne yote ni yake peke yake, sina neno naye. Akachora duara ubaoni, akaweka mstari wa Greenwich katikati, mji mmoja kulia, mmoja kushoto. Akajumlisha. 45 juu ya 360, mara 2, mara 3.14, mara 6,400, mara nusu. Akaandika 2,512 na kuizungushia. Akasema aliyepata 5,024 kasahau kosaini, atapewa alama za hatua. Na hata la 14 akasema aliyegeuza alama ya sharti moja lakini kaandika masharti mengine sawa na kachora mistari, hatoki mikono mitupu, ndiyo maana karatasi imeandika onyesha kazi yako yote.

Nikageuka nyuma kumtazama Kipanga. Akasema, "Aaa, kumbe ule mwingine ulikuwa Magharibi," akacheka, akaendelea kunoa penseli. Basi. Wale kumi na kitu walioinua mikono Jumanne, kimya, kila mtu anatazama dawati lake.

Najua mtakuja kuniambia si ulijipeleka mwenyewe, nani alikushika. Kweli nilijipeleka. Lakini begi langu lilikuwa pale, na hata ningepita mbali, ile sauti ya "umepata ngapi" inafika mpaka barabarani, na ukikwepa, grupu linakufuata hadi kitandani. Mnaofanya vikao hivi kwa nini msingoje ratiba yote iishe? Mtihani wa Jumanne umeshafungwa kwenye bahasha, haubadiliki hata mkipiga kura mara mia. Wa Jumatano ulikuwa bado uko mikononi mwetu.

Kesho Fizikia, saa 2 asubuhi. Begi nitaliacha nyumbani, naenda na kalamu, rula na majedwali mfukoni, na tumeshapatana na rafiki yangu kutokea geti dogo. Na yeyote atakayekuja hapa chini kuniandikia jibu la swali la 9, namripoti kwa mods. Sitaki kulijua. Dada anaita simu yake.