Mwenye ile maktaba ya vitufe na madirisha hana adabu, nasema mchana kweupe

Dogo wa Ngamiani

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira mpaka chai haishuki.

Mnamjua. Simtaji. Yule yule ambaye nusu ya programu za maduka hapa Tanga zimesimama juu ya maktaba yake (msimbo ulio tayari wa kuchora vitufe na madirisha, sisi tunajengea juu yake), anayejibu watu kana kwamba ndiye anayewanunulia bando. Leo nimemuuliza swali moja la heshima, lenye tafadhali mbili ndani yake: alama ya @ kwenye orodha inafanya nini hasa, maana kwenye maelezo ya matumizi haimo? Akanijibu: "Soma msimbo chanzo." Yaani nikachimbue mwenyewe maandishi ya programu yake. Akafunga swali. Basi! Soma msimbo chanzo!

Nimemfungia programu mzee mmoja wa duka la jumla, Barabara ya Nane. Mzee, kama wauzaji wote wa nchi hii, bei ya kimoja anaiandika kwa @. Sabuni katoni 6 @shs 24,000. Ndivyo daftari lake lilivyo, na ndivyo anavyoandika kwenye kompyuta. Kumbe ndani ya ile maktaba @ ni amri! Herufi inayoifuata inamezwa, na maandishi yote ya mbele yanabadilika umbo. @s ni maandishi madogo, kwa hiyo sabuni ikatokea "hs 24,000" kwa vijiherufi vya kusomwa na sisimizi. @b ni herufi nzito, basi "@bei ya jumla" ikawa "ei ya jumla", nyeusi tii. Mzee akavumilia, akadhani ndiyo mambo ya kompyuta.

Halafu akaingia mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, ana deni. Mzee alishaandika "baki @laki mbili". Na @l, mabwana, ni maandishi makubwa. "aki mbili" ikajaa skrini. Foleni nzima inasoma. Barabara ya Tisa wanasoma. Nadhani hata meli zilizotia nanga bandarini zimesoma. Yule mama akanikazia macho mimi, si mzee. Mimi!

Natoka hapo nimeloa jasho, nauliza kwa adabu, naambiwa soma msimbo chanzo. Nimeusoma basi! Faili moja refu kama reli ya kwenda Arusha, hakuna hata mstari mmoja wa maelezo, kila kigeu, yaani kila jina la kuhifadhia thamani, ni herufi moja. c, p, q. Huyo q ni nani? Ana kazi gani? Wallahi hata mwenyewe hajui.

Soma msimbo chanzo. Na swali akalifunga. Angeliacha wazi angepungukiwa nini?

Baharia Mstaafu

Mleta uzi, malalamiko yako ni marefu kuliko hayo maelezo ya matumizi unayoyadai. Ungeyaandika wewe tungekuwa tumeshamaliza.

Bi Makorora

Hebu turudi nyuma kidogo. Hilo deni la laki mbili ni la nani? Umesema Barabara ya Nane, na mama yangu mdogo ananunua hapo.

Dogo wa Ngamiani

Dada, sitaji mtu. Mada ni yule bwana na majibu yake. "Soma msimbo chanzo", hivi hilo nalo ni jibu?

Bi Makorora

Ni mnene mnene, anavaa miwani?

Fundi Pongwe

Kwa wanaotaka msaada na si taarabu: ukiandika @@ unapata @ moja ya kawaida. Ukiweka @. mwanzo wa mstari, yote yanayofuata kwenye mstari huo yanaachwa kama yalivyo. Kwa hiyo maneno ya mteja yasiende kwenye orodha yakiwa mabichi, geuza kila @ iwe mbili kwanza. Na usiguse daftari la mzee wa watu, fanya hivyo wakati wa kuonyesha tu.

Mtindo wenyewe si wa huyu peke yake. Qt, maktaba nyingine ya vitufe na madirisha, ukiweka & kwenye jina la kitufe inamezwa, na herufi inayofuata inapigwa mstari chini, ukitaka & yenyewe unaandika &&. printf, ile amri ya kutoa maandishi kwenye lugha ya C, inataka %% ili itoe % moja. Lebo za GTK, nayo maktaba ya aina hiyo hiyo, ukizipa mapambo, & lazima iandikwe &. Ila hao wote wameyaandika kwenye maelezo yao.

Dogo wa Ngamiani

WAMEYAANDIKA! Umesikia, Baharia? Asante sana fundi. Hiyo @. umeijulia wapi lakini? Nimetafuta kote sikuiona.

Fundi Pongwe

Nilisoma msimbo chanzo.

Baharia Mstaafu

😂😂😂 Mpeni maji mleta uzi.

Dogo wa Ngamiani

Toka kwenye uzi wangu.

Kijana Chumbageni

Afadhali wewe mteja wako anaangalia skrini. Wangu nilimwambia anunue printa ya risiti ya milimita 80, akaenda kununua ya 58 kwa kuwa bei rahisi. Sasa safu ya jumla inaangukia nje ya karatasi. Wateja wanapewa risiti yenye kila kitu isipokuwa hela. Na anasema mimi ndiye niliyeikata.

Baharia Mstaafu

Printa ya 58 kwenye duka lenye bidhaa za majina marefu! Huyo mteja wako anatafuta kesi.

Kijana Chumbageni

Na malipo yangu hajamalizia, anasubiri "printa itengemae".

Bi Makorora

Nyote mnalia, na mimi je? Kuna fundi humu humu amechukua laptop ya mwanangu tangu kabla ya Ramadhani. Simtaji. Anajijua.

Fundi Pongwe

Dada yangu, kioo hakijafika kutoka Dar.

Bi Makorora

Kinakuja kwa miguu?

Dogo wa Ngamiani

Jamani, turudi kwenye mada. Yule bwana kafunga swali...

Bi Makorora

Subiri wewe. Pongwe, kioo lini?

Kijana Chumbageni

Na mwenye karatasi za 58 aseme, steshenari zote nilizopita leo wanazo za 80 tu.