Yah: Brown kabwagwa, faili la mama litaenda wapi?

Mama Zuwena, Columbus (9 Desemba 2024):
Shikamooni wakubwa. I-130 ya mama, lile ombi la kumleta ndugu Marekani, imekwama tangu mwaka juzi. Nikaomba msaada kwa Seneta Brown wa hapa Ohio, nikasaini fomu ya idhini ya ofisi yake kuulizia faili, wakaanza kuulizia. Sasa kaangushwa na Moreno kwenye uchaguzi, ofisi inafungwa. Nisaini upya kwa huyo mpya, au faili litahama lenyewe?

Mzee wa Dayton:
Marahaba mwanangu. Si niliwaambia mkapige kura? Brown yupo tangu 2007, alimtoa DeWine, huyuhuyu gavana wetu. Safari hii Trump kaibeba Ohio kwa pointi 11, Brown kashindwa kwa chini ya 4. Yaani wapo waliompa Trump kisha wakampa na Brown, ila hawakutosha. Mimi N-400 yangu, ombi la uraia, alinisaidia mbunge. Nimeapishwa theluji iko magotini.

Bin Tanga, Cleveland:
Mzee, N-400 na I-130 wapi na wapi? Dada, nenda kwa seneta wa pili, Vance, kabla ya Januari 20.

Shangazi, Akron:
We Bin Tanga, Vance si ndiye makamu wa rais mteule? Naye anaondoka! Na maseneta wanaapa Januari 3, tarehe 20 ni ya rais. Tusipotoshane.

Bin Tanga:
Shangazi, nimesema KABLA. Kiapo cha Moreno sikukitaja.

Kamau, Toledo:
Mimi kilichonishangaza, Brown alikubali kushindwa usiku uleule. Kwetu Kenya seneta akianguka, kesho yake wakili yuko kortini. Seneta Casey wa Pennsylvania ndiye alikawia hadi Novemba 21, lakini pale tofauti haikufika nusu asilimia, na sheria yao inataka kura zihesabiwe upya.

Mzee wa Dayton:
Huyo Moreno mwenyewe kazaliwa Bogotá. Mhamiaji kama sisi. Labda atawahurumia wenye I-130.

Shangazi, Akron:
Mwenye shibe, Mzee. Mwenye shibe!

Mama Zuwena:
Asanteni. Mama kapiga simu leo, Tanga embe zinaanguka zenyewe. Anauliza aanze kutafuta koti la baridi au asubiri kwanza. Sikuwa na jibu. Na ile fomu, jamani?

Bin Tanga:
Embe gani, dodo au bolibo?