Mrejesho: toleo la majaribio kwenye laptopu ya kazi

Wakuu, niliuliza kama ni salama kuweka toleo la majaribio la mfumo endeshi kwenye laptopu ninayofanyia kazi. Wengi mlinikataza, mkasema nilijaribie ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine kwenye kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yako. Nimewasikiliza, na nawashukuru sana.

Niliupa mfumo GB 4 za RAM na GB 40 za diski, nikawa nahifadhi nakala ya hali yake kabla ya kila sasisho. Baada ya sasisho la tatu ukagoma kuwaka, skrini nyeusi tupu. Nikarudisha nakala ya mwisho, ukawaka. Ingekuwa diski halisi, faili zangu zingekuwa hatarini.

Hitilafu nimewaripotia watengenezaji pamoja na logi (faili la kumbukumbu za yaliyotokea kwenye mfumo), maana hiyo ndiyo kazi ya mjaribu. Sauti bado inakatikakatika.